Kanga na Kofia Mlangoni

Ukishuka gari la Masasi pale stendi ya Newala, na ukafanikiwa kuvuka barabara bila kunyang'anywa begi na wapiga debe, utaona benchi refu la mninga limeegemea ukuta wa karakana ya Twahiru, fundi kompyuta. Benchi hilo zamani lilikuwa la kibanda cha video cha marehemu Abdulazizi, ambaye mji mzima ulimwita Baba Naima. Kibanda kilibomolewa, mabati yakaenda na wenye kuyataka, benchi likabaki. Ndiyo maana wanaolikalia mpaka leo hutazama wote upande mmoja, kama watu wanaosubiri picha ianze, ingawa mbele yao hakuna kitu ila jiko la mkaa la Filemoni na birika lake la kahawa. Wenyewe wanakiita kijiwe chao Siti za Mbele, na ukikaa bila kuagiza kahawa utaulizwa kama una tiketi.

Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umepanda kutoka bonde la Shimo la Mungu ukatanda mjini, hata wapiga debe walisikika kabla ya kuonekana. Benchini walikuwapo wa kila siku. Mwalimu Yoeli, mstaafu, mtoto wa kanisa kutoka Masasi, jina la kijiweni Methali, kwa sababu hakuna methali asiyoijua na hakuna aliyowahi kuiweka mahali pake. Mohamedi wa Makote, mkulima wa korosho, anayeitwa Ghala kwa upana wa kifua na wa maneno. Na Kurwa wa bodaboda, Satelaiti, ambaye kwake kila jambo la duniani lina mtu analitazama kutoka juu. Twahiru mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni kwake. Yeye wamempa jina la Risasi. Wanasema ni kwa ile risasi anayoyeyusha kuungia nyaya, lakini aliyewahi kumkasirisha anajua kuna sababu nyingine.

Na siku hiyo alikuwa amekasirika. Kwa kawaida hasira zake hazihitaji sababu, ila safari hii sababu ilikuwa mfukoni mwa koti lake la kazi, nzito kama kipande cha tofali: diski ya kompyuta ya Baba Naima.

Kompyuta yenyewe ilikuwa ndani, imeshafungwa kwenye boksi. Mama Naima, mjane, alikuwa anahama. Anakwenda Masasi kukaa na binti yake, mwalimu wa sekondari, na kompyuta inakwenda naye wanafunzi waipate. Twahiru aliishughulikia kama anaosha maiti wa heshima. Aliifungua akakuta vumbi jekundu la Newala limejaa hadi kwenye mapezi ya feni, na mjusi aliyekauka akiwa amelala juu ya kisanduku cha umeme kama aliyelipia chumba. Akapuliza, akapiga brashi, akabandua ile dawa ya meno aliyoipaka yeye mwenyewe juu ya prosesa enzi za ujana wake, wakati dawa yenyewe ya kupozea joto haijulikani mji huu, akapaka ya kweli. Akasugua meno ya ramu kwa kifutio cha penseli, akaongeza ramu nyingine pembeni. Mwisho akang'oa diski ya zamani, ile inayozunguka na kulia kama kinu, akaweka mpya isiyo na kitu kinachozunguka. Sasa unaiwasha, na kabla hujameza fundo la kahawa imeshafunguka.

Kazi ikawa nzuri. Tatizo likawa ile iliyong'olewa.

Mama Naima alikuwa ameishika mkononi akaigeuza, kisha akamrudishia. Akasema: "Hii ichome, mwanangu. Kesho, nione moshi ndipo nipande gari." Naye Twahiru, ambaye neno lake akilitoa halirudi, akajibu kuwa itachomwa.

Na kesho yenyewe ndiyo hiyo.

— Sasa si uichome, alisema Ghala. Mkaa huo hapo. Unaitembeza mfukoni kama tumbaku.

— Kwenye jiko langu haiingii, Filemoni akasema bila kuinua kichwa. Plastiki itanukia kwenye kahawa mpaka Idi.

Methali akakohoa kidogo, wakajua methali inakuja.

— Wahenga walisema, chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Kwa hiyo tusubiri.

Walishazoea.

Ili uielewe hasira ya Twahiru ni lazima ujue habari za kanga na kofia. Baba Naima alikuwa na kamera tangu zama za kanda kubwa, akirekodi harusi, maulidi, kipaimara, na watoto wanavyotoka jando. Kompyuta ilipofika, imepandishwa mlima ndani ya gunia la korosho isigongwe na mashimo ya barabara, akazihamishia humo kanda zote kabla kuvu hazijazimaliza. Wazee wa jando wakamwomba awarekodie na nyimbo za ndani ya kumbi, kibanda wanamofundwa wali wa kiume, maana vijana wanazisahau. Zikawekwa humo, na hizo mwanamke hazitazami. Makungwi nao wakasikia. Wakamwendea Mama Naima, wakampa kamera ndogo, akaingia unyagoni akarekodi ya kwao, na hizo mwanamume hazitazami. Mashine ikawa moja, chumba kimoja, mume na mke. Basi wakaweka utaratibu. Ukiona kanga imetundikwa mlangoni, Mama Naima yuko kazini, na Baba Naima utamkuta uani anachoma mihogo. Ukiona kofia, ni zamu ya mzee, na mama yuko kwa jirani. Miaka yote hiyo hakuna aliyesikia kuwa mmoja amechungulia ya mwenzake. Watu walioishi Newala zamani hizo, ukiwatajia kanga na kofia, hutabasamu kabla hujamaliza.

Lakini Baba Naima hakuwa mtu wa kuandika. Kila kitu humo alikiita Sherehe na kukipa namba, basi. Sherehe hii harusi, inayofuata kumbi, inayofuata unyago. Mume ameshazikwa. Kwa hiyo katika Newala nzima hakuna mtu hata mmoja mwenye haki ya kuifungua ile diski yote. Mwanamume akifungua, anaweza kuangukia unyago. Mwanamke akifungua, anaweza kuangukia kumbi. Ndiyo maana Mama Naima alitaka moto.

Na ndiyo maana alimpa Twahiru, si fundi mwingine. Twahiru hakusoma chuo chochote. Alijifunza kwa kuvunja radio za watu na kuzirudisha, na tangu siku ya kwanza alikuwa na sheria moja: anafungua sanduku, kioo hakifungui. Mashine ikihitaji kuwashwa, humwita mwenyewe aje aandike nywila yake, na yeye hugeukia ukutani. Kompyuta za maofisa, za mashekhe, za mapadri, zote zimepita mikononi mwake na hajui kilichomo hata kwenye moja. Watu walimcheka kwa hilo, kisha wakamletea mashine zao.

— Kuchoma ni ushamba, alisema Satelaiti. Futa tu. Bonyeza, imekwenda.

Hapo Twahiru akaingilia maneno.

— Haijakwenda popote. Ukifuta, unafuta jina. Kompyuta inaambiwa tu kuwa mlango huu hauna jina tena, lakini aliyekuwa ndani bado yumo, kakaa kitako. Mwenye akili akija na programu yake, anamtoa na nguo zake zote.

— Kama mwali, akasema Ghala polepole. Jina linaachwa kumbini, mtu anatoka yuleyule.

— Kama mwali. Kufuta kwa kweli ni kuchoma kumbi lenyewe. Unaijaza diski sifuri, kila kona, mwanzo hadi mwisho, mpaka pasiwe na pa kukaa mtu. Hapo hata afufuke aliyeiunda, hakuti kitu.

Methali akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kwa hiyo Twahiru asimame imara.

Ghala hakuridhika. Yeye sifuri haziamini, kwa sababu sifuri hazionekani. Alipendekeza mafuta ya maganda ya korosho. Alieleza jinsi yalivyombabua mkono mwaka ule wa ukame, ngozi ikatoka kama ya nyoka, na akauliza kama kinachobabua mtu kitashindwa na bati. Walipomcheka akapanda juu zaidi: basi izikwe chini ya mkorosho mkongwe kule Makote. Mizizi ya mkorosho inakula kila kitu. Isipokuwa, akakumbuka mwenyewe, isije korosho za mwaka kesho zikatoka na picha, watu wakapasua mnadani wakakuta unyago wa bibi zao.

Satelaiti yeye alisema wote wamechelewa. Vitu vyote siku hizi vinapanda kwenye wingu, vya Baba Naima vilishapanda zamani.

— Wingu gani, na mashine haijawahi kuona intaneti? Twahiru akauliza.

— Mjomba, wewe unadhani ukungu huu unaoshuka Newala kila asubuhi ni wa bure? Unafuata nini hapa?

Walitazama ukungu. Hata Filemoni aliutazama, mara moja tu, kisha akaona aibu.

Maneno yakageuka polepole, kama yanavyogeuka kila mara kijiweni, kutoka kwenye namna ya kuchoma hadi kwenye kitakachoungua. Ghala alikumbuka harusi yake, mvua iliyonyesha, na Baba Naima aliyeifunika kamera kwa kanzu yake mwenyewe akabaki na singlendi mbele ya wakwe. Methali alikumbuka kuagwa kwake shuleni. Mkewe alikuwa bado hai, alisimama pembeni akashika ua la plastiki muda wote, hakujua ampe nani. Walikumbuka kibanda chenyewe, jenereta likizimika katikati ya picha na watu wote wakipiga mbinja, na Baba Naima akipita gizani na tochi akisema utaratibu, jamani, utaratibu. Vyote hivyo vilikuwa humo mfukoni mwa Twahiru, pamoja na vile visivyotazamwa.

— Risasi, akasema Methali. Nawe humo huna chako?

— Sina, akajibu, kwa ukali ambao swali halikuustahili, akaingia ndani.

Alikuwa nacho. Humo mlikuwa na siku aliyotoka jando. Picha nyingine ya mama yake haipo popote. Zile za karatasi zililiwa na mchwa, na sidii aliyopewa na Baba Naima aliitundika mama mwenyewe shambani ifukuze ndege kwenye mtama, akisema yeye hana deki, na mwanawe alimwona akitoka kwa macho yake, mashine ya nini. Siku ile wali walitoka wamevaa mashati mapya, vichwa vimenyolewa, kumbi linawaka nyuma yao na hawaruhusiwi kugeuka. Jina la utoto limebaki kwenye moto. Anayemwita mwali kwa jina lile anatozwa kuku, na mwali akiitwa hivyo haitiki. Na mama yake, mwanamke mzima, mwenye kujua mila kuliko wengi, alimwona mwanawe, furaha ikamzidi, akamwita kwa jina la zamani mbele ya umati. Wanawake wakaangua kicheko. Twahiru akapita mbele yake macho mbele, kama alivyofundishwa. Hakuitika. Kuku akalipwa, watu wakamla, habari ikaisha. Mama yake naye sasa ameshakwisha, na tangu siku ile hakuna aliyelitamka tena lile jina. Lilikuwa humo ndani ya diski tu, kwa sauti yake.

Kuomba hakuweza. Amemwambia mama wa watu kwamba atachoma. Fundi anayesema nitachoma, kisha akarudi kusema lakini nina kitu changu kidogo, huyo si fundi tena, ni mchuuzi. Na kufungua ajitafutie kwa siri, hilo hata kulifikiria kulimfanya apige meza teke.

Alipotoka tena nje alikuta benchini kuna mgeni. Dereva wa lori kutoka Tandahimba, anaitwa Reginald, tairi lake limepasuka na anasubiri lizibwe. Alikuwa ameshauziwa kahawa na kusimuliwa yote, kwa mashindano, kila mmoja akimkatiza mwenzake. Ghala alikuwa amerudi kwenye mafuta ya korosho. Satelaiti alikuwa anaeleza kuwa diski inaweza kusomwa hata na majivu yake. Methali alikuwa amesema usiache mbachao kwa msala upitao, ndiyo maana cha zamani hutupwa.

Mgeni alisikiliza mpaka mwisho, akanywa, akauliza kwa sauti ya mtu anayeuliza njia:

— Sasa huyo baba na huyo mama, kama majina yote yalikuwa mamoja, wao walikuwa wanajuaje ipi si yake kabla ya kuiona?

Ghala alilirudia swali kwa sauti ndogo. Satelaiti alitazama juu. Methali alitafuta methali na safari hii haikuja. Twahiru alihisi hasira inampanda kumjibu huyu mtu, kisha akagundua haina pa kwenda, kwa sababu jibu hakuwa nalo. Miaka yote ameitunza ile mashine, ameifuta vumbi, ameibadilishia feni, na siku zote yeye amegeukia ukutani. Alijua kila msumari wake. Lakini jinsi watu wawili walivyoitumia bila kukoseana heshima, hilo hakuwahi kuuliza.

Walikuwa bado wanalitafuta jibu Mama Naima alipotokea kwenye ukungu, mkoba mkononi, nyuma yake kijana wa mkokoteni na mizigo.

— Shikamoo, Mama Naima, wakasema pamoja, mpaka Methali, ambaye huenda alimpita umri.

— Marahaba. Akalitazama jiko, akamtazama Twahiru. Moshi uko wapi, mwanangu?

Twahiru akaitoa diski mfukoni.

— Bado, mama. Nitachoma, nilishasema. Nina swali moja tu, na ukinijibu au usiponijibu, nachoma vilevile. Mlikuwa mnajuaje?

— Tulikuwa tunajuaje nini?

— Ipi ya nani. Majina ni mamoja.

Mama Naima alimtazama kama anayetafuta utani usoni mwake. Kisha akacheka. Tangu arobaini ya mumewe hakuna aliyemsikia akicheka, na kicheko chenyewe kilitoka kimekwaruza, kama mlango uliokaa bila kufunguliwa.

— Hatukuwa tunaangalia, akasema. Tulikuwa tunasikiliza. Kioo unakifunika kanga, ndipo unawasha. Yakianza makofi, ni ya kwetu. Ikianza ile ngoma ndogo peke yake, inadonoa kama kuku, ni ya kwenu, nazima nakwenda kumwita. Ngoma si siri, mji mzima unaisikia usiku. Siri ni kinachochezwa.

— Na za watu wote? Harusi, kutoka jando?

Alishika ukingo wa benchi, lile la mumewe.

— Anakohoa, akasema. Kila akianza kurekodi ya watu wote, kwanza anakohoa. Nilimkataza mpaka nikachoka.

Methali akasema, kwa sauti ndogo:

— Siri ya mtungi aijuaye kata.

Wakageuka wote kumtazama. Methali mwenyewe alionekana kushtuka. Ilikuwa imekaa pale pale inapokaa, na hakuna aliyejua la kufanya.

Twahiru ndipo akasema lililo lake, kwa maneno machache na bila kuyapamba, kama anavyotaja ubovu wa mashine. Kwamba humo mna mama yake. Kwamba hakuomba, kwa kuwa alishaahidi. Kwamba wakisikiliza pamoja, kioo kimefunikwa, zenye kikohozi zitahamishiwa kwenye diski mpya, na nyingine zote zitabaki humo humo zilipo. Kisha hii ya zamani ataiandikia sifuri kila kona, ataipiga nyundo, ndipo aichome, na moshi atauona kwa macho yake.

Utingo wa gari la Masasi alikuwa ameshaanza kuita. Mama Naima alimsikiliza utingo, akamsikiliza Twahiru. Akasema:

— Mpumbavu wewe. Ungeniambia jana, tungeanza jana.

Na akamwambia kijana wa mkokoteni ashushe mizigo.

Wakaingia ndani. Twahiru akaichomeka diski kwenye kompyuta yake ya mezani, akageukia ukutani kwa mazoea, mpaka Mama Naima alipomvuta koti na kumwambia ukutani hakuna vitufe. Akavua kanga ya begani akaifunika kioo. Sherehe ya kwanza ilianza kwa makofi. Twahiru alikuwa nje kabla hayajafika la tatu, na benchi likampokea kwa kicheko, fundi aliyefukuzwa kwenye karakana yake. Akarudi. Iliyofuata ikadonoa kama kuku, na Mama Naima akatoka nje mwenyewe, kwa adabu, ingawa kuizima kungetosha, akasimama karibu na Filemoni akitazama stendi. Twahiru alizima, akavua kofia yake, akaitundika msumarini mlangoni. Hakujua kwa nini. Mama Naima alipogeuka akaiona, akasimama hapo kidogo, ndipo akaingia.

Gari likaondoka. Hakuna aliyelitazama.

Iliyofuata ilikuwa kimya kwa muda, upepo tu. Kisha akakohoa. Kikohozi kizito, cha mvuta sigara, kikatoka chini ya kanga kikajaa karakana, kikavuka dirisha mpaka nje. Mama Naima aliketi. Dirishani Twahiru aliona Filemoni, bila kufikiri, amemimina kikombe na kukiweka mwisho wa benchi, pale alipokuwa akikaa Baba Naima mwenyewe, na Ghala amesogea kidogo kumpisha. Kisha wote wakatambua, na hakuna aliyekinywa wala kukiondoa.

Ilikuwa harusi ya Ghala. Mvua ilisikika vizuri kabisa.

Wakaendelea. Aliyekohoa, wakamhamisha. Asiyekohoa, wakamwacha na siri yake. Methali aliitwa dirishani asikilize kuagwa kwake, akasikiliza akiwa ameshika nondo za dirisha, na hakusema methali. Mgeni Reginald, ambaye tairi lake lilikuwa limeshazibwa zamani, alikuwa bado amekaa Siti za Mbele akitazama mbele kama wenzake, mahali ambapo hapakuwa na picha. Filemoni akapindua birika, akawaonyesha kuwa kahawa imekwisha. Hakuna aliyeinuka.

Kisha kikaja kikohozi kingine. Baada yake ikaja sauti ya Baba Naima, karibu sana na kamera, akimwambia mtu kwa upole:

"Mama, rudi nyuma kidogo, jua linakupiga."

Vigelegele. Mlio wa moto unaokula makuti, na umati unaokuja. Watoto wanakimbia. Halafu sauti ya mwanamke ikapanda juu ya nyingine zote, nyembamba, yenye furaha iliyosahau kila kitu, ikaita jina.

Kicheko cha wanawake kikalipuka papo hapo. Mtu akapiga kelele kuwa kuku, kuku, ametozwa kuku. Na ile sauti, haijali, ikaita tena.

Mama Naima aligeuka kumtazama Twahiru, aulize hilo jina la nani, lakini hakuuliza. Jina lenyewe halitaandikwa hapa, lilichomwa. Twahiru alikuwa amesimama mikono imening'inia, mtu mzima mwenye mvi za kwanza, na kanga ilikuwa bado juu ya kioo. Kule ndani ya mashine mwali mmoja alikuwa anapita mbele ya mama yake macho mbele, kimya, kama alivyofundishwa.

— Naam, mama, Twahiru akaitika.